Manowari Iliyochelewa Vita

Tarehe 29 Desemba 1812, nje ya pwani ya Bahia nchini Brazili, manowari ya Kiingereza iitwayo Java ilikutana na manowari ya Marekani iitwayo Constitution. Waingereza walichapwa vibaya. Milingoti yote ya Java ilianguka, nahodha wake Henry Lambert akapata jeraha lililomuua siku chache baadaye, na gogo lililobaki likielea halikufaa hata kuvutwa hadi bandarini. Wamarekani waling'oa gurudumu lake la usukani, wakalifunga kwenye meli yao ambayo la kwake lilikuwa limesambaratishwa na mizinga. Kisha wakaitia Java moto.

Vitabu vya vita vya baharini huitaja siku ile kwa sababu ya ushindi wa Wamarekani. Sura hii inaitaja kwa sababu ya makaratasi. Java ilikuwa njiani kwenda Bombay. Ilimpakia gavana mpya wa mji huo, ikapakia na shaba ya kuvika meli zilizokuwa zikijengwa huko, na mahali fulani katika vyumba vyake kulikuwa na michoro ya frigeti mbili ambazo Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa limeziagiza mwaka ule ule. Michoro ikateketea pamoja na meli, ikabidi London itume mingine. Miezi ikapita, kisha miaka. Napoleon alishindwa Waterloo mwezi Juni 1815. Mkuku wa frigeti ya pili, ambayo ingeitwa Trincomalee, ulilazwa Bombay tarehe 25 Aprili 1816, wakati hapakuwa tena na adui wa kupigana naye.

Mambo mengi katika maisha ya meli hii yanatokana na kuchelewa kule, pamoja na kuwepo kwake leo.

Frigeti ilikuwa manowari ya wastani. Vitani, zile meli kubwa za sitaha mbili au tatu za mizinga zilijipanga mstari mmoja na kufyatuliana na mstari wa adui, na frigeti haikuwa na nafasi humo. Kazi yake ilikuwa kutangulia na kuchungulia upeo wa macho, kupeleka barua, kusindikiza meli za biashara, na kuwinda za adui. Mizinga yake mikubwa ilikaa katika sitaha moja. Kwa sababu ilikwenda mbali peke yake, nahodha wa frigeti alikuwa mtu huru kuliko wenzake, na vijana waliotaka sifa na fedha za mateka waliomba kupangiwa humo.

Trincomalee ilikuwa ya jamii iitwayo Leda, ambayo Waingereza walijenga meli zake zaidi ya 40. Umbo lake hawakulibuni wao. Lilinakiliwa kutoka Hébé, frigeti ya Ufaransa waliyoiteka mwaka 1782 na kuipima kila ubao. Java nayo ilikuwa ya Kifaransa kwa asili, ilitekwa mwaka 1811 huko Tamatave, Madagaska. Kwa hiyo michoro iliyonakiliwa kutoka meli ya Kifaransa iliyotekwa ilipotea ndani ya meli nyingine ya Kifaransa iliyotekwa. Bahari ya zama zile ilikuwa soko la mitumba.

Karakana ya Bombay inastahili tukae nayo kidogo, kwa maana hapo ndipo meli hii inapoigusa bahari yetu. Mwaka 1736 Kampuni ya Mashariki ya India ilimleta kutoka Surat fundi wa Kiparsi aitwaye Lovji Nusserwanji Wadia. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka mia moja, ufundi mkuu wa karakana ile ulirithiwa ndani ya ukoo wake, baba kwa mwana na mjomba kwa mpwa. Gudi la mawe la kukaushia meli lilikuwa limechimbwa pale kabla ya robo tatu ya karne ya 18 kwisha. Aliyeijenga Trincomalee ni Jamsetjee Bomanjee Wadia. Kabla yake alikwisha kuwajengea Waingereza meli za vita nzito zaidi, mojawapo Cornwallis ya mwaka 1813, ambayo ndani yake Wachina walitia saini Mkataba wa Nanking mwaka 1842. Husimuliwa kwamba Jamsetjee alichonga kwa siri ndani ya mbao za meli moja maneno ya kejeli, kuwaambia watakaosoma kwamba chombo chao kimejengwa na mtu mweusi aliyelaaniwa. Kisa hiki kina harufu ya hadithi za mabaharia. Lakini mtu aliyekuwa akilipwa na watu waliomdharau huku wakimtegemea alikuwa na haki ya kuchonga hivyo, hata kama hakuchonga.

Mkuku ulipolazwa, fundi alipigilia msumari wa fedha uliotiwa nakshi, kwa desturi ya Waparsi, ili chombo kipate salama. Meli dada ya Trincomalee, Amphitrite, iliyotoka katika michoro ile ile, ilikuwa imeshushwa majini siku 11 tu kabla. Mafundi wale hawakupumzika. Tarehe 12 Oktoba 1817 Trincomalee nayo ikashuka. Ilikuwa na sitaha ya mizinga yenye urefu wa karibu mita 46, upana wa mita 12, na nafasi ya mizinga 46, ikiwemo 28 ya risasi za ratili 18 katika sitaha kuu. Gharama ilikuwa kama pauni 23,000.

Msaji wa Malabar ndio uliotumika, na pwani yetu mti huu hauhitaji kutambulishwa. Una mafuta yanayoukinza na kuoza na kuwachosha wadudu, na hauli misumari ya chuma. Mwaloni wa Uingereza una tindikali inayokula chuma, na ukijengwa mbichi huanza kuoza kabla chombo hakijamaliza safari zake za kwanza. Vita virefu na Napoleon vilikuwa vimemaliza miti mikubwa ya mwaloni, na ndiyo maana London ikageukia Bombay. Maofisa wengi wa Kiingereza walisita. Walisema kibanzi cha msaji kikimchoma mtu, kidonda huoza. Ila waliotengeneza meli kuukuu gudini walijua tofauti ilipo.

Na si Waingereza peke yao walioijua njia ya Bombay. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Muscat na Zanzibar, alikuwa mteja wa mafundi wale. Meli yake Liverpool, yenye mizinga zaidi ya 70, ilishushwa majini hapo mwaka 1826. Ilikuwa kubwa kupita mahitaji yake na ghali kuijaza watu, basi mwaka 1836 akamtunuku Mfalme William IV. Waingereza wakaiita Imaum, kwa heshima ya aliyeitoa, wakampelekea Sayyid jahazi la starehe liitwalo Prince Regent, na Imaum yenyewe wakaipeleka Jamaica kuwa makazi ya mabaharia wanaosubiri kupangiwa kazi. Sultana, iliyomfikisha Ahmad bin Naaman New York mwaka 1840 ikiwa na zawadi na shehena ya Zanzibar, nayo ilitoka Bombay. Mzee wa Shangani aliyewahi kuziona meli za Sayyid zimetia nanga angeitambua Trincomalee tangu ubao wa kwanza.

Jina ililopewa ni la bandari ya Ceylon, Sri Lanka ya sasa. Ilisafiri kwenda Uingereza ikipitia huko, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 24 Januari 1819 ikatia nanga Saint Helena. Hapo pana tukio dogo. Kisiwani alifungwa Napoleon, na daktari wa jeshi la majini aitwaye John Stokoe alikuwa ametoka kumpima na kuandika kwamba ana maradhi ya ini. Gavana Hudson Lowe hakutaka kusikia kwamba hewa ya kisiwa chake inamuua mfungwa. Stokoe akaondoka, na chombo kilichompakia ni Trincomalee. Baadaye mwaka ule ule alirudishwa Saint Helena, akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kufukuzwa kazi. Hii ndiyo mara ya karibu zaidi ambayo meli iliyoagizwa kumpiga Napoleon ilifika naye: ilimbeba tabibu wake.

Iliingia Portsmouth tarehe 30 Aprili 1819. Ikapakuliwa, ikavuliwa milingoti, ikaezekwa juu ya sitaha kuzuia mvua, ikafungwa kwenye maboya pamoja na mamia ya wenzake. Ikalala hapo miaka 26.

Msomaji aliyezoea sura za mizinga na moshi atataka tuiruke miaka hiyo. Lakini hesabu ya meli za kivita za karne ya 19 ndivyo ilivyokuwa: muda mwingi zilingoja. Serikali haikutaka kuzivunja kwa sababu zilikwisha kulipiwa, na haikutaka kuzitumia kwa sababu kila baharia ni mshahara. Za mwaloni ziliozea pale pale. Trincomalee ilipokaguliwa mwaka 1845 mbao zake zilikuwa nzima. Ila dunia ilikuwa imebadilika. Mizinga 46 midogo haikuwa tena kitisho, basi ikapunguziwa hadi 26, mikubwa zaidi, na tezi yake, iliyokuwa bapa na dhaifu, ikajengwa upya kwa umbo la duara. Kwenye daftari ikashushwa cheo ikawa koveti. Meli za moshi zilikwisha kuanza kuingia jeshini, na mtu mwenye macho aliona kwamba matanga yamebakiza miaka michache.

Mwaka 1847 ikatoka, umri wake miaka 30, chini ya Kapteni Richard Laird Warren. Kituo chake kilikuwa Amerika ya Kaskazini na Karibi. Ilipelekwa Haiti wakati wa ghasia, ikazunguka Kuba kuwazuia wavamizi waliokuwa wakijikusanya Marekani, ikashiriki doria dhidi ya meli za watumwa, maana Kuba ya Wahispania ilikuwa bado inapokea Waafrika kwa siri. Mwaka 1849 ikatumwa Newfoundland na Labrador, kwenye ukungu na barafu. Hakuna pambano hata moja la kuandikia kumbukumbu.

Kwa baharia wa kawaida, pambano halikuwa sehemu kubwa ya maisha. Usiku alitundika kitanda chake cha turubai kwenye nafasi ya sentimita 36 hivi, akapumua vizuri kwa kuwa nusu ya wenzake walikuwa zamu juu. Aliamshwa kusugua sitaha kwa mawe na mchanga. Alikula biskuti ngumu na nyama ya chumvi. Alipanda foromali kukunja matanga, akiwa amesimama juu ya kamba na kifua juu ya mbao. Kiboko kilikuwa bado halali. Ramu ilikuwepo, ila ilikuwa inapungua: kipimo cha siku kilikatwa nusu katika miaka ya 1820 na kukatwa nusu tena mwaka 1850, mwaka ambao Warren alirudi nyumbani. Walioshuka pwani mwaka ule walikuwa na la kulalamikia.

Safari ya pili ilianza mwaka 1852 na ilichukua miaka mitano. Kapteni alikuwa Wallace Houstoun, na kituo kilikuwa Pasifiki, tangu pwani za Amerika ya Kusini hadi kaskazini kabisa. Eneo lilikuwa kubwa mno na meli chache, na matanga yalikuwa bado yana faida huko, kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa haba. Amphitrite nayo ilikuwa katika kikosi kile, dada wawili wa msaji katika bahari isiyo yao.

Hapo ndipo vita vilipoifuata Trincomalee, na hapo pia vikaipita. Vita vya Crimea vilifika hadi Pasifiki. Mwishoni mwa Agosti 1854 meli sita za Waingereza na Wafaransa zilikwenda kuishambulia Petropavlovsk, bandari ya Warusi huko Kamchatka. Kabla mashambulizi hayajaiva, Admirali David Price alijipiga risasi chumbani mwake. Waliobaki walishambulia, wakarudishwa na Warusi kwa hasara kubwa. Trincomalee haikuwa miongoni mwa zile sita. Mwaka uliofuata washirika walirudi na nguvu zaidi, wakakuta mji mtupu. Warusi walikuwa wamehama kimya kimya.

Kilichobaki cha kupigania kilikuwa kisiwa cha Vancouver, na hapa mwandishi hawezi kusifu. Mwezi Agosti 1856, katika bonde la Cowichan, mwenyeji aitwaye Tathlasut alimpiga risasi mlowezi Thomas Williams. Inasemekana ugomvi ulikuwa juu ya mchumba wa Tathlasut. Williams alijeruhiwa lakini hakufa. Gavana James Douglas alipanda Trincomalee, akaenda nayo hadi Cowichan Bay, akashusha mamia ya mabaharia na askari wenye bunduki, wakaandamana hadi karibu na vijiji. Watu walimtoa mtuhumiwa. Akahukumiwa pale pale na baraza la maofisa wa meli, akanyongwa mbele ya watu wake. Kwa kumjeruhi mtu.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kueleweshwa jambo hili lilikuwa na maana gani. Miaka 40 baadaye manowari za Kiingereza zilisimama mbele ya Forodhani, Zanzibar, na kulibomoa kasri la Sultani kwa dakika zisizozidi 45. Manowari katika makoloni haikuwa lazima ifyatue. Kazi yake ilikuwa kuonekana, na gavana aliyesimama sitahani alijua hivyo vizuri. Nikitafuta siku ambayo Trincomalee ilibadilisha maisha ya watu kwa nguvu zake, naipata Cowichan, siipati kwingine. Ramani za huko bado zina Trincomali Channel na Houstoun Passage, majina ya meli na nahodha wake yaliyoandikwa juu ya maji ambayo wenyeji walikuwa na majina yake.

Mwaka 1857 Trincomalee ilirudi Uingereza, na mabaharia wake wakalipwa kule Chatham. Kazi ya baharini ikaisha. Miaka mitatu baadaye ilishushwa HMS Warrior, manowari ya chuma na mvuke, na ghafla kila manowari ya mbao duniani ikawa kuni. Trincomalee ikageuzwa shule. Ilifundisha askari wa akiba Sunderland, kisha West Hartlepool hadi mwaka 1877, kisha Southampton. Wanafunzi walijifunza mizinga na kamba juu ya meli isiyokwenda popote.

Mwaka 1897 ikauzwa ivunjwe. Mwezi Juni mwaka huo huo, kule Blackpool, dhoruba iliisukuma ufukweni na kuiua Foudroyant, meli kuukuu iliyowahi kupeperusha bendera ya Nelson, ambayo tajiri George Wheatley Cobb alikuwa ameikomboa kutoka kwa wavunjaji ili aifanye chuo cha vijana. Cobb alikuwa na mradi bila meli. Akainunua Trincomalee, akaipa jina la marehemu. Kwa muda mrefu kuliko ulivyodumu utumishi wake wote baharini, meli ya Bombay ikajulikana kwa jina la Kifaransa lililotoka kwa meli nyingine. Ilikaa Falmouth, kisha Portsmouth, vijana wakiishi humo na kujifunza ubaharia, hadi mwaka 1986.

Wakati huo Hartlepool ilikuwa imekwisha kupoteza viwanda vyake vya meli. Ni mji unaotaniwa kwa hadithi ya kale, kwamba wavuvi wake waliwahi kumnyonga nyani aliyetupwa ufukweni kutoka meli ya Kifaransa, wakidhani ni jasusi wa Napoleon. Katika mji huo huo mafundi walikuwa wamemaliza kuifufua HMS Warrior, ile ile iliyoziua meli za mbao. Warrior iliondoka kwenda Portsmouth mwezi Juni 1987. Mwezi uliofuata Trincomalee ikaletwa juu ya tishari, na mafundi wakahamia kwayo bila kupumzika.

Kazi ilichukua zaidi ya miaka 10. Walipovua tabaka za rangi na ukarabati wa vizazi, walikuta mataruma na mbao za Jamsetjee bado zinashika, na zaidi ya nusu ya kiwiliwili cha leo ni msaji ule ule wa 1817. Mwaka 1992 jina la kwanza lilirudishwa. Mwaka 2001 matengenezo yakakamilika, na meli ikahesabiwa kuwa manowari ya kale kuliko zote za Uingereza zinazoelea, kwa kuwa Victory, iliyo ya kale zaidi, imeketi gudini pakavu.

Katika meli zote za jamii ya Leda, nyingine iliyobaki ni Unicorn, ya mwaka 1824, iliyoko Dundee. Hiyo ya mwaloni haikutumwa baharini hata mara moja. Iliezekwa paa mara baada ya kujengwa, na paa liko hadi leo. Shannon, iliyoiteka Chesapeake ya Wamarekani kwa robo saa mwaka 1813 na kuifanya London yote ishangilie, ilivunjwa mwaka 1859, mbao zikauzwa. Amphitrite ilivunjwa mwaka 1875. Trincomalee iko Hartlepool, milingoti yake mitatu imesimama na kamba zake zimefungwa, na watoto wa shule hushuka ngazi hadi sitaha ya chini kutundikiwa vitanda vya turubai na kuambiwa walale kimya, jambo ambalo hawawezi.